UZI: Kimbunga kikija Mombasa tunakimbilia wapi? Chido, Hidaya, Komoro na kisiwa chetu kisichohesabiwa

mwana_kibokoni (mwenye uzi)

Salaam wadau. Huu uzi ni mrefu na ntauandika kwa vipande, mwenye haraka apite zake atatukuta jioni.

Tarehe 14 Disemba 2024 kimbunga Chido kiliikanyaga Mayotte, kile kisiwa cha Wafaransa, na Mayotte si mbali vile, ni hapo ukishapita Ngazidja na Nzwani za Komoro, kutoka hapa kilomita elfu na kitu. Upepo ulipita kilomita 220 kwa saa. Hesabu rasmi ya waliokufa ni kama watu 40 lakini siku za mwanzo wakubwa wenyewe wa kule walisema wanaogopa ni mamia na pengine zaidi, na kuna watu mpaka leo hio 40 hawaikubali.

Sasa kilichonikaa kichwani si upepo. Onyo lilitolewa mapema, shule zikafunguliwa watu wakajihifadhi, lakini wengi wa wale wanaoishi kwa vibanda vya mabati kule vilimani hawakwenda. Ni watu wasio na karatasi, wengi wao Wakomoro, wakaona hii ni njama, ukifika pale shuleni polisi wanakukusanya wanakurudisha Nzwani. Kwa hivo onyo walilisikia vizuri tu na wakabaki ndani ya mabati yao, na mabati ndio yakageuka visu.

Alafu linganisha na hapa kwetu 26 Disemba 2004. Ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, fukwe zimejaa kutoka Nyali mpaka Bamburi. Mtetemeko umetokea Sumatra alfajiri ya kwetu, mawimbi yakachukua saa nyingi kufika huku, na mfumo wa onyo wa tsunami katika bahari ya Hindi haukuwepo wakati ule. Lakini watu waliona kwa televisheni yanayotokea Asia, wakubwa wakaamua, askari wakapita ufukweni wakawatoa watu. Kenya nzima alikufa mtu mmoja. Somalia hapo juu tu walikufa karibu 300. Ni kweli tulikuwa na bahati pia, maji yalikuwa yamekupwa na sisi tuko mbali zaidi na njia ya wimbi, sikatai. Lakini mtu aliambiwa toka akatoka, na alikuwa na pa kwenda, alipanda matatu akarudi nyumbani kwake.

Ndio swali langu hapo. Ule wa 2004 ulikuwa mtihani rahisi manake waliokuwa hatarini ni watu walioenda kuogelea. Siku hatari ikiwa ni nyumba yenyewe, wewe wa Moroto pale Tudor, wewe wa mtaa wa Bangladesh pale Mikindani, wewe wa ghorofa ya chini Mji wa Kale, ukiambiwa saa kumi na mbili jioni hama, unahamia wapi na nani anakufungulia mlango?

kijana_wa_Embakasi

Kaka heshima zako lakini hapa unatisha watu bure. Fomu tuu tulifundishwa jiografia, karibu na ikweta hakuna kimbunga, nyinyi mko nyuzi nne tu chini ya mstari. Madagaska na Msumbiji ndio wanachukua zote. Shida ya Mombasa ni mitaro imejaa makaratasi, mzoe hio kwanza ndio muongee mambo ya Mayotte.

Nahodha_mstaafu

Kijana wa bara, mwalimu wako alisema kweli lakini alisema nusu. Kimbunga chataka dunia inavyozunguka impe upepo ule mzunguko wake, na karibu na ikweta msukumo ule ni dhaifu, ndo mana hatuvioni. Kutoviona si kwamba haviwezi kusogea. Unguja Aprili 1872, zama za Sayyid Barghash, kilipiga kimbunga kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na meli za Sultani zikavunjika pale bandarini. Pemba ikasalimika, ndo mana mpaka leo ukitaja karafuu watu wataja Pemba. Lindi wakapigwa 1952. Na juzi juzi Mei 2024 Hidaya ikaja mpaka Mafia, na Mafia kutoka hapa ni kilomita 400 na kitu, jahazi lenye kusi nzuri halisemi hio ni safari. Wataalamu wa upepo wenyewe walishangaa, manake kimbunga cha nguvu vile sehemu ile ni nadra mno, na alhamdulillahi kilipungua nguvu kabla hakijagusa nchi kavu.

Sisemi chaja kesho. Nasema hii bahari sasa ina joto na kimbunga hula joto, na mimi nnavoiona haikai tena kwenye ratiba zake.

Na tena hata kisipofika, mawimbi yake yafika. Hidaya ilipokuwa kule Mafia wavuvi wa huku waliambiwa wasitoke. Mvuvi asipotoka siku nne tano nyumba hailali na kitu. Hilo nalo ni janga, ila halipigwi picha.

kobe_wa_Mtongwe

Hidaya mnaikumbuka ile sauti ya wasapu? Kuna mtu asojulikana alirekodi ati bahari itafika mpaka Mwembe Tayari, mamangu akafunga mizigo, jirani akasema ni uongo wa kisiasa, mwengine akasema ni alama za kiama. Taarifa ya idara ya hali ya hewa ilikuwepo, imeandikwa vizuri tu, lakini mtaani kwetu ilifika baada ya ile sauti na ilikuwa PDF ya kizungu. Nani anafungua PDF na bando la shilingi ishirini.

bintiTudor

Hapo kwa PDF umenena @kobe_wa_Mtongwe. Na hata ikifika kwa Kiswahili inasema "upepo mkali wa noti kadhaa na mawimbi ya zaidi ya mita mbili". Mama Salma muuza mahamri atafanyia nini noti, kipimo cha kasi cha mabaharia? Mwambie paa lako la mabati yasiyo na mawe litaondoka, watoto walale upande wa ukuta wa matumbawe, hapo atakuelewa.

fundi_mitaro

Mimi ni mtu wa mitaro kikazi na sitaji mwajiri wangu, naomba tuweke picha sawa manake watu wanadhani Mombasa yote itazama siku moja.

Kisiwa chenyewe ni mwamba wa matumbawe ya kale, kimeinuka, ukisimama Mama Ngina unaona maji yako chini kabisa ya majabali. Kuna utafiti ulichapishwa 2008 ukasema bahari ikipanda sentimita 30 tu basi karibu asilimia 17 ya eneo la Mombasa linaweza kufunikwa, na hio namba mnaiona kila mwanasiasa anaitaja kwenye warsha. Mimi sibishani nayo ila Mombasa pale ni pamoja na bara, kandokando ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, la Tudor, Port Reitz, zile sehemu tambarare. Si kwamba Makadara itakuwa chini ya maji. Wa kuogopa kwanza ni wa kando ya hori, na kandokando ya hori ndiko masikini wamesukumwa kujenga manake hakuna mwenye cheti cha ardhi anayetaka pale.

Shida ya ndani ya kisiwa ni nyengine. Mitaro yetu mingi inamwaga baharini. Sasa mvua kubwa ikinyesha wakati maji yamekupwa, mambo yanaenda, inachukua lisaa yameisha. Mvua hio hio ikinyesha usiku wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari imejaa pomoni, mdomo wa mtaro uko chini ya bahari, maji ya mvua hayana pa kutoka yanarudi mtaani, yanaingia choo cha shimo, yanaingia kisimani, na baada ya wiki mbili unasikia kipindupindu. Ndio ilivyo. Bahari ikipanda hata kidogo, zile saa ambazo mtaro unaweza kutoa maji zinapungua kila mwezi, hata kabla hujaona ufukwe umeliwa.

Na makaratasi pia ni kweli @kijana_wa_Embakasi. Tushazibua mtaro mmoja tukatoa godoro, nzima.

mngazidja_wa_Majengo

Nimesoma kimya kimya sasa nachangia manake mmetaja kwetu. 2019 mwezi wa nne usiku wa tarehe 24 kimbunga Kenneth kilipiga Ngazidja, upande wa kaskazini ndio ulioumia zaidi, kesho yake kikaingia Cabo Delgado Msumbiji wakati Msumbiji hata hawajamaliza kuzika wa kimbunga Idai. Waliokufa kwetu walikuwa wachache, kwa hio dunia ilitusahau ndani ya siku mbili. Lakini mashamba jamani. Migomba chini. Minazi chini. Sisi ndizi mbichi ni chakula si matunda, na mnazi ukianguka si wa kupanda leo ukala kesho kutwa. Mjomba wangu alinipigia simu akasema nyumba iko, watu wazima, ila hatuna tutakachokula mpaka mwakani. Tukawa tunachanga huku Majengo, tunapeleka mchele kwa jahazi. Hio ndio bima yetu, jamaa wa Mombasa na jamaa wa Marseille.

Alafu niwaambie kitu. Komoro angalau iko kwenye ile orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi ndogo za visiwa, ziko 39, zilianza kutambuliwa kwenye mkutano wa Rio 1992, wakakutana Barbados 1994, Mauritius 2005, Samoa 2014, Antigua 2024. Tunaalikwa, tunapigwa picha, kuna mifuko ya pesa tunaruhusiwa kuomba. Nyie Mombasa, Lamu, Pemba, Mafia ni visiwa vile vile, bahari ile ile, samaki wale wale, lakini mko ndani ya nchi kubwa ambayo shida yake ya kwanza ni ukame wa kaskazini. Hamuhesabiwi.

mwana_kibokoni

@mngazidja_wa_Majengo Allah awape kheri, na hapo umegusa kitu nilichotaka kuja nacho baadaye. Ukitazama ile ramani, Pemba ni kubwa kuliko nchi kadhaa zilizo kwenye orodha na watu wake ni wengi kuliko Shelisheli nzima. Kisiwa Panza kule kusini ya Pemba maji ya chumvi yashaingia mashamba ya mpunga, watu wanapanda mikoko kuzuia. Lakini hakuna waziri wa Kisiwa Panza anayesimama New York.

Nilitaka niulize, anayejua hii habari ya pesa za visiwa zinavyofanya kazi aje. Nasikia Karibi wana kitu.

bintiTudor

Nakuja mimi, hio ni mada ninayoisoma. Wanaita bima lakini si kama bima ya gari yako ambayo afisa anakuja kupiga picha alafu miezi sita unazungushwa.

Nchi za Karibi 2007 zilianzisha mfuko wa pamoja, CCRIF. Kila nchi inalipa mchango wake wa mwaka. Mkataba hausemi "tutalipa kulingana na uharibifu", unasema kimbunga chenye nguvu kadhaa kikipita sehemu kadhaa, pesa inatoka. Hakuna kuhesabu mabati. Tarehe 1 Julai 2024 kimbunga Beryl kikapiga Grenada, kile kisiwa chake cha Carriacou karibu kila jengo likaharibika. Grenada ikalipwa dola milioni 44. Na zilianza kuingia ndani ya wiki chache, serikali ikawa na kitu mkononi badala ya kusimama na bakuli.

Cha pili ndio kilinifurahisha. Grenada ilipigwa na Ivan 2004 hasara ikawa karibu mara mbili ya pato la nchi nzima la mwaka, wakazama kwenye madeni. Walipokaa na wanaowadai kupanga upya wakalazimisha kuwekwe sharti, kimbunga kikitupiga tunasimamisha kulipa kwa muda. Watu wakacheka. Beryl ilipokuja wakalitumia sharti lile, malipo yakasogezwa mbele na pesa ikabaki nyumbani. Nchi ya watu laki moja na kitu hio.

kijana_wa_Embakasi

Sawa hio nimeipenda, sikuwa najua. Lakini mchango wa bima si unatoka kwa kodi? Na kama miaka kumi kimbunga hakiji mtu atasema pesa zimeliwa. Kenya hapa mtu hataki kulipia bima ya afya sembuse ya upepo.

bintiTudor

Inatoka kwa kodi na kwa wafadhili. Na kuna kasoro yake, kimbunga kikikosa kile kipimo kidogo tu basi hulipwi hata kama nyumba zimekwenda, imeshatokea watu wakalalamika. Lakini usiseme Kenya haijui haya mambo. Tangu 2015 kuna bima ya mifugo kule Wajir na Turkana, setilaiti inaangalia majani yamekauka kiasi gani, ikifika kiwango fulani mfugaji analipwa kabla ng'ombe hajafa. Serikali ilikuwa inamlipia mchango. Sasa mimi nauliza, setilaiti hio hio haioni mawimbi? Mvuvi wa Mtongwe akikatazwa kutoka siku tano kwa amri ya serikali, si kipimo kiko wazi kabisa? Amri yenyewe ndio kipimo.

Nahodha_mstaafu

Huyu binti aozwe na waziri wa fedha.

bintiTudor

😂😂 Nahodha mimi nina mume tayari, na yeye ndiye anayelipa bando.

kobe_wa_Mtongwe

Na ule mfuko wa hasara walioukubali Misri 2022, kule Sharm el-Sheikh, alafu Dubai 2023 wakaufungua kwa makofi? Si ndio wa kutulipa sisi tusiochafua hewa?

mngazidja_wa_Majengo

Upo. Ahadi zilizotolewa ni dola milioni mia saba na kitu kwa dunia nzima. Ukiigawa kwa nchi zote zinazosubiri, Ngazidja itapata hela ya kupaka rangi gati. Vanuatu ndio walikuwa wajanja, walikwenda mpaka mahakama ya kimataifa ya Hague, na Julai 2025 mahakama ikasema nchi zina wajibu wa kisheria kulinda hali ya hewa na anayeuvunja anaweza kudaiwa fidia. Ni maoni tu ya mahakama, hayamfungi mtu pingu, lakini sasa ukienda kudai una karatasi mkononi. Na Tuvalu wao wamekata tamaa nusu, wana mkataba na Australia watu 280 kwa mwaka wanapewa viza ya kuhama. Bahati nasibu ya kwanza ilipofunguliwa 2025 zaidi ya theluthi ya nchi walijiandikisha.

kobe_wa_Mtongwe

Sisi tukizama tunahamia Mazeras bila viza.

fundi_mitaro

Utapita wapi kwenda Mazeras? Kisiwa kina daraja la Nyali, kina Makupa, na feri ya Likoni. Mvua ikikaza kidogo Makupa inasimama, feri nayo upepo ukizidi haivuki. Ile barabara ya Dongo Kundu inamsaidia wa Kwale kwenda Mariakani bila kuingia mjini, wewe uliye kisiwani haikuhusu. Laki ngapi za watu ziko humu ndani? Hakuna kuhamisha kisiwa kizima kwa jioni moja, tuache kujidanganya. Mtu itabidi ahame kutoka Kibokoni chini kwenda Kibokoni juu.

mama_Shanzu

Mimi nina swali la kuta. Huku kwetu ufukwe umeliwa, minazi iliyokuwa nchi kavu nikiwa msichana sasa mizizi iko nje inaning'inia. Jirani mmoja mwenye jengo kubwa akajenga ukuta wa zege, sehemu yake imetulia, ya kwetu ndio imezidi kuliwa. Ni macho yangu au?

fundi_mitaro

Si macho yako mama. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima halifi, linarudi na nguvu zake, linakomba mchanga wa chini na pembeni. Na mchanga wa ufukweni husafiri, kusi inaupeleka huku kaskazi inaurudisha, ukiuzuia kwako umemnyima mwenzako. Kila mtu akijijengea kipande chake mwishoni hakuna ufukwe, kuna kuta na maji.

Kuta zina mahali pake. Malé mji mkuu wa Maldivi umezungushiwa ukuta, Japan iligharamia baada ya mafuriko ya 1987, na tsunami ya 2004 ilipokuja ukuta ule uliukinga mji wakati visiwa vyengine vya nchi ile vilipata msiba. Hata hapa pale Ngomeni Fort Jesus imewekewa ukuta manake bahari ilikuwa inakula chini ya msingi, na ngome ile imesimama tangu 1590 na kitu, huwezi kuihamisha. Lakini Malé ni mji uliojaa kisiwa mpaka ukingoni, hawana nafasi ya kitu chengine. Shanzu ina mwamba nje pale. Kuna uchambuzi wa 2014 uliokusanya tafiti za dunia nzima ukakuta mwamba wa matumbawe unapunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97. Hakuna zege la kufanya hio kazi kwa hio bei. Tatizo ni kwamba joto la 1998 liliua matumbawe mengi sana, hapa na Shelisheli kule ndio balaa, na 2024 yakapauka tena dunia nzima. Mwamba ukifa haubomoki siku hio, unamomonyoka pole pole, na kila mwaka wimbi linapita juu likiwa na nguvu zaidi kidogo.

mama_Shanzu

Basi mikoko. Tukiambiwa tupande tunapanda, vikundi vya kina mama vimejaa.

Nahodha_mstaafu

Mikoko yapandwa mahali pa mikoko mwanangu. Kwenye tope la hori, si ufukwe wa mchanga wenye mawimbi. Nshaona watu na fulana mpya na kamera wapanda ufukweni wazi, bamvua ya kwanza yote yameelea. Tudor, Mikindani, Port Reitz, huko ndiko. Na Gazi kule Kwale wamefanya kwa akili, Mikoko Pamoja, tangu 2013 wauza ile hewa ya ukaa inayohifadhiwa na mikoko, pesa yaingia kijijini wamevuta maji wamesaidia shule. Wale hawakupanda tu, walizuia pia isikatwe. Huku kwetu mkoko hufa kwa njia nyengine pia. Mvua za El Nino 1997 na 98 zilileta tope jingi mpaka hori la Mwache likaifukia mizizi ya kupumulia, mikoko ikafa imesimama.

mwl_Likoni

Naomba nirudi kwa swali la mwenye uzi manake tumetembea mpaka Grenada na mlango bado haujafunguliwa.

Mimi nafundisha. Shule ndio zinazotajwa kila mara kama pa kukimbilia. Mafuriko ya 2024 mnakumbuka, nchi nzima walikufa zaidi ya watu 200, shule zikaahirishwa kufunguliwa Mei, kwa sababu nyengine zilikuwa zimejaa maji na nyengine zimejaa watu. Shule ikiwa makazi, masomo yamekufa, na watu wakikaa mwezi vyoo vimekufa pia. Paa la darasa langu ni mabati na misumari ile ile ya nyumba ya mzazi anayeambiwa akimbilie kwangu. Sasa anakimbia nini?

Bangladesh, namaanisha ile nchi si ile ya Mikindani, ndio wa kuwatazama. 1970 kimbunga kiliua watu laki tatu au zaidi. 1991 kikaua kama 138,000. Wakaamua shule mpya za pwani zijengwe za zege juu ya nguzo, chini maji yapite, juu watu wakae, siku za kawaida ni darasa. Na wana watu wa kujitolea wa mitaani, mfumo wao ni wa tangu miaka ya sabini, wanapita na vipaza sauti na bendera nyumba kwa nyumba. Amphan ilipokuja Mei 2020, katikati ya korona, walihamisha zaidi ya watu milioni mbili na waliokufa nchini mwao walikuwa makumi. Nchi masikini hio, hawana cha kutuzidi isipokuwa waliamua.

mwana_kibokoni

Mwalimu umenirudisha relini. Naongeza Kuba, hio imo kwenye orodha ya visiwa. 1963 kimbunga Flora kiliwaulia watu zaidi ya 1,700, wakaunda ulinzi wa raia, na kila mwaka mwezi wa tano kabla ya msimu wanafanya zoezi la nchi nzima. Nilichokipenda ni kwamba wengi wanaohamishwa hawaendi shule wala ukumbi. Wanaenda kwa jirani au ndugu mwenye nyumba imara, na imepangwa kabla, kwamba familia ya fulani inaenda kwa fulani, huyu mgonjwa wa sukari dawa yake inahitaji barafu, yule bibi hatembei wa kumbeba ni fulani. Hata friji na televisheni vinahamishwa, manake mtu haondoki akijua kitu chake pekee cha thamani kinabaki na wezi.

Siasa zao mimi sizitaki. Lakini hio orodha ya nyumba, Mji wa Kale tunaweza kuiandika bila mfadhili. Nyumba za kuta za matumbawe na chokaa zenye ghorofa tunazijua, wenyewe tunawajua, tumekula nao pilau za harusi zao. Wa vibanda vya chini tunawajua pia. Kwanini hakuna karatasi inayosema nani kwa nani?

bintiTudor

Mji wa Kale sawa, mnajuana tangu babu. Njoo Moroto. Mwenye nyumba hakai pale, mpangaji ana miezi mitatu, jirani yake hamjui kwao. Na usisahau ya Mayotte, kuna watu wetu hawana kitambulisho. Wapemba waliokaa pwani hii miaka na miaka walitambuliwa na serikali 2023 tu, na kuna wengine bado. Mtu ambaye kila akiona askari anajificha, ukimpelekea askari amwambie hama, umempa sababu ya kujifungia. Kwa hio anayepita kugonga milango asiwe askari. Awe muuza maji. Muuza maji anajua kila chumba kina watu wangapi.

kobe_wa_Mtongwe

Na muadhini. Spika za msikiti zinafika kuliko PDF. Kanisa nalo lina kengele na wana vikundi.

mwl_Likoni

Muadhini sawa ila akubaliane na idara ya hali ya hewa nani anampa neno, la sivyo tutakuwa na ile sauti ya wasapu kwenye spika ya msikiti.

Alafu kuna kitu kidogo. Nimeuliza pale shuleni kwetu leo, usiku ufunguo wa ukumbi anao nani. Nikaambiwa anao mlinzi wa zamu. Mlinzi wa zamu anakaa Mishomoroni, na zamu ya usiku tangu mwezi wa pili hakuna, bajeti.

fundi_mitaro

Hahaha subhanallah. Kwa hio wa Likoni atavuka feri, apite mjini, avuke Nyali akachukue ufunguo.

mwana_kibokoni

Basi tuanze hapo. Wadau wa mitaa ya chini, kila mmoja aulize ufunguo wa shule na wa madrasa ya karibu yake anao nani usiku, aandike hapa jina la mtaa tu, msiweke namba za simu za watu hadharani. Mimi na wazee wawili wa Kibokoni tunakaa Jumamosi baada ya Asri tuanze ile orodha ya nyumba, tunaanza na wagonjwa na wasiotembea. @bintiTudor wewe tafuta muuza maji wako wa Moroto. @Nahodha_mstaafu tunaomba tarehe za bamvua za masika yote, na saa zake, @fundi_mitaro atatuambia mitaro ipi inazama kwanza.

Nahodha_mstaafu

Za bamvua nawaletea inshallah. Nazihesabu kwa mwezi kuandama, kijana wa Embakasi azibadilishe kwa kalenda yake.

kijana_wa_Embakasi

Nitumie tu mzee, nazipanga kwa jedwali na naweka saa za Kiswahili.

mama_Shanzu

Shanzu madrasa ufunguo anao ustadh, anakaa hapo hapo. Shule ya msingi naenda kuuliza kesho asubuhi.